HABARI ZA KURAMBAZA TRAUTI NA SAMONI, NA FUNZO LAKE KWETU



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta habari nyingi za pamba, za maghala, za mizani na za hesabu. Sisi tulioandika kurasa hizi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kusimulia historia ya uvuvi. Huenda mtu akauliza, chama cha wakulima kina haja gani na samaki? Jibu letu ni kwamba wengi katika sisi tuna jembe katika mkono wa kuume na kafi katika mkono wa kushoto. Mvua zikikataa, Ziwa Victoria ndilo ghala letu. Tena tumechagua historia ya mbali, ya maziwa ya baridi ya Amerika ya Kaskazini, kwa sababu wazee walisema nyani haoni kundule. Kosa la mgeni twaliona upesi. Huenda tukiisha kuliona, tukageuka tukatazama na letu.

Uvuvi tutakaoueleza ni kurambaza. Neno hili ni la wavuvi wa pwani, ambao tangu zamani hufunga mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, wakamvuta chambo majini hata nguru au jodari amwone na kumfukuza. Basi watu wa maziwa ya Marekani na Kanada nao hurambaza, lakini samaki wao ni wengine, na maji yao yana tabia nyingine.

Samaki hao ni wawili. Wa kwanza ni trauti wa maziwa. Huyu hupenda maji ya baridi ya kadiri ya digrii 10, hukua polepole sana, na aghalabu hupita miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Akiachwa aishi, aweza kupita miaka 20 na zaidi. Huzaa wakati wa vuli, juu ya miamba na mawe yaliyo chini ya ziwa. Wa pili ni samoni wa nchi kavu. Kwa asili ni ndugu wa samoni wa bahari ya Atlantiki, lakini yeye haendi baharini. Huzaliwa mtoni na kukulia ziwani. Katika jimbo la Maine alikuwako tangu asili katika mabonde manne tu ya mito, na ziwa moja katika hayo, Sebago, ndilo lililompa jina lake la kitaalamu. Mwaka 1907 alivuliwa humo samoni mmoja wa ratili 22 na nusu, yaani kilo 10 na ushei. Chakula akipendacho ni samaki mdogo mwembamba aitwaye smelti, ambaye kwa samoni ni kama dagaa kwa sangara.

Mwenye kutaka kuwarambaza samaki hawa hana budi kwanza kuyajua maji. Katika nchi zile ziwa huganda wakati wa baridi. Barafu ikiisha kuyeyuka, maji yote huwa baridi toka juu hata chini, na samaki huja karibu na uso wa ziwa kuwafuata smelti. Wakati huo mshipi mwepesi watosha. Jua la kiangazi likizidi, maji hujigawa matabaka: la juu lina joto na ni jepesi, la chini ni baridi na zito, na katikati pana tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafula. Hapo trauti hushuka kilindini, huenda futi 100 au zaidi, na samoni hukaa karibu na tabaka la katikati. Mvuvi avutaye chambo juu siku hizo atapiga kafi toka asubuhi hata jioni, asipate kitu. Kwa hiyo historia yote ya kurambaza katika maziwa hayo ni historia ya swali moja: chambo kitafikaje pale alipo samaki, nacho kingali kinatembea kama kiumbe hai?

Jibu la kwanza tutakalolitaja lilikuwa kijiko. Husimuliwa kwamba kijana mmoja wa Vermont, Julio Buel, alikuwa akila chakula ndani ya mashua, kijiko kikamponyoka, na kilipokuwa kikizama na kumeta-meta samaki mkubwa akaja akakimeza. Kama kisa hicho ni kweli au kimetiwa chumvi, kila mtu na aamue mwenyewe. Lakini lililo hakika ni kwamba mwaka 1852 Buel alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa kijiko chenye ndoana. Kijiko hicho kikivutwa huyumba na kung'aa mfano wa samaki aliyejeruhiwa, na samaki mlaji hapendi kitu kuliko mnyonge asiyeweza kukimbia.

Jibu la pili lilitoka kwa Seth Green wa Rochester katika New York, aliyeishi toka 1817 hata 1888. Huyu alikuwa mvuvi na mwuza samaki, na mwaka 1864 alianzisha kituo cha kutotolesha samaki huko Caledonia. Jina lake limebaki pia katika mtego mmoja wa kurambaza. Hufungwa chubwi zito mwishoni mwa mshipi mkuu. Kisha juu yake, kwa nafasi zilizopimwa, hufungwa mishipi midogo mitano au zaidi, kila mmoja na kijiko chake. Kwa njia hiyo mvuvi mmoja huuliza maji ya vina vitano kwa mara moja, samaki wako wapi leo? Wengine walitumia waya wa shaba, ambao huzama kwa uzito wake wenyewe. Wengine tena walitumia mshipi wenye risasi ndani yake, uliotiwa rangi mbalimbali kila baada ya hatua kadhaa, ili mvuvi ahesabu rangi na kujua ametoa mshipi kiasi gani.

Jibu la tatu lilitoka kwa mwanamke, nasi twapenda kulitaja kwa ajili ya mama zetu wanachama. Carrie Stevens alikuwa mshona kofia, akiishi penye bwawa la Upper Dam huko Maine. Tarehe 1 Julai 1924 aliacha kazi za nyumbani, akaenda kuvua kwa chambo cha manyoya alichokifunga kwa mikono yake, akampata trauti wa vijitoni wa ratili 6 na wakia 13. Samaki yule alipata zawadi ya pili katika mashindano ya gazeti moja la uwindaji, na tangu hapo watu wakamwandikia toka mbali kutaka vyambo vyake. Hakufundishwa kazi hiyo na mtu, wala hakutumia jiliwa ya kushikia ndoana; ujuzi wa kofia ndio uliomwongoza. Chambo chake mashuhuri, Gray Ghost, kina umbo jembamba la smelti, na hata leo warambazaji wa samoni hukivuta nyuma ya mashua barafu ikiisha kuondoka.

Pamoja na vyombo hivyo kuna maarifa ya mwendo. Trauti hutaka mwendo wa mzee atembeaye kwa mkongojo. Samoni hutaka mwendo wa mtu mwenye haraka. Mvuvi stadi haendi njia iliyonyoka bali hupinda kushoto na kulia. Mashua ikipinda, mshipi wa upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, na wa nje huongeza mwendo na kupanda. Samaki akishika wa ndani, mvuvi ajua kwamba leo watakiwa polepole na chini. Akishika wa nje, ajua kinyume chake. Hivyo kila pindo ni swali, na samaki ndiye mwalimu.

Sasa twaja kwenye sehemu ya huzuni. Katika Maziwa Makuu ya Amerika trauti hakuwa mchezo bali riziki. Wavuvi wa biashara walimtega kwa nyavu, na toka mwisho wa karne ya 19 mashine za mvuke ziliwawezesha kuvuta nyavu nyingi kuliko mikono ya watu iwezavyo. Nchi hizo mbili zilipata katika maziwa ya juu kadiri ya ratili milioni 15 za trauti kila mwaka, karibu tani 6,800. Kila mvuvi aliona ziwa ni pana kama bahari, akasema, wavu wangu mmoja utapunguza nini?

Wakati huohuo adui mwingine alikuwa njiani. Mwaka 1829 ulifunguliwa mfereji wa Welland, ili meli zipite kando ya maporomoko ya Niagara. Maporomoko hayo yalikuwa ukuta uliowazuia viumbe wa chini wasipande juu. Mmoja wao ni lampri, mwenye umbo la mkunga, asiye na taya, ila kinywa cha mviringo chenye meno mengi, ambacho hujibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu. Mwaka 1921 alionekana katika Ziwa Erie, na kufika 1938 alikwisha kuingia Ziwa Superior. Lampri mmoja katika maisha yake aweza kuua samaki wa jumla ya ratili 40. Trauti aliyekwisha kupunguzwa na nyavu, tena mwenye kuchelewa kuzaa, hakuweza kustahimili maadui wawili. Katika Ziwa Michigan alitoweka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maziwa yale ya juu, yaliyotoa ratili milioni 15, yalitoa kadiri ya ratili laki 3 tu. Nyavu zilianikwa zisipate kazi, na mashua ziliozea ufukoni.

Yafaa tuangalie walivyofanya baada ya msiba. Mwaka 1954 Marekani na Kanada zilitia sahihi mkataba, kisha zikaunda tume moja ya kusimamia uvuvi wa maziwa hayo kwa pamoja, maana samaki hajui mpaka wa nchi. Wataalamu walijaribu madawa kwa maelfu, wakapata moja liuwalo watoto wa lampri katika matope ya mito bila kuwadhuru sana samaki wengine. Likatumika mitoni kuanzia 1958. Trauti wachanga wakapandwa. Mwaka 1966 Michigan ilileta samoni wa Pasifiki ili wawale samaki wadogo waliokuwa wamezidi mno. Hapo kurambaza kukafufuka kwa nguvu mpya: mpira wa risasi wa ratili 10 au 12 hushushwa kwa waya wake wenyewe hata kina kilichopimwa, nao umeshika mshipi wa mvuvi kwa kibanio. Samaki akishika chambo, kibanio huachia, na mvuvi hupigana na samaki bila mzigo. Lakini trauti mwenyewe hakurudi upesi. Ni mwaka 2024 tu wasimamizi wa Ziwa Superior walipotangaza kwamba amerudi kikamilifu katika sehemu kubwa ya ziwa hilo. Kazi ya kuharibu ilichukua miaka michache; kazi ya kutengeneza ilipita miaka 60. Wala haijaisha, maana ulinzi ulipopunguzwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya maradhi ya korona, lampri waliongezeka tena.

Na sisi je? Nyavu za kutega za kizungu ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Uchunguzi wa Michael Graham wa 1927 na 1928 ulionya kwamba ngege wanapungua, ukashauri macho ya wavu yasiwe chini ya inchi 5. Baadaye amri hiyo ililegezwa, na katika miaka ya 1950 na 1960 sangara akatiwa ziwani. Ngege yule ambaye mababu zetu walimla kila siku, vijana wetu wamsikia kwa jina. Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania nazo zilitia sahihi mkataba wa kuunda jumuiya ya uvuvi wa ziwa. Lakini mkataba wa serikali haupigi kafi. Mwenye kupiga kafi ni wewe na sisi.

Wanachama watakumbuka mkutano mkuu wa mwaka wetu wa 6, uliokesha ukibishana. Vyama vya msingi vya ufukoni vilileta shauri kwamba tuache kabisa kuvua katika vihori vya matete wakati samaki wanapozaa. Wengine walisema, tukiacha sisi watavua wengine. Mzee mmoja akajibu kwamba mbegu ya pamba haipikwi hata siku ya njaa. Shauri lilipita kwa kura chache, na ni lazima tukiri kwamba liliumiza: kaya kadhaa zilikosa kitoweo, na baadhi ya wenzetu walijitoa katika Chama wakiwa na uchungu. Hatuwalaumu. Katika mkutano ujao azimio hilo litaletwa tena, nao wanaotaka lifutwe wana watoto wa kulisha kama sisi.

Basi kabla ya kuinua mkono, kila mjumbe na awakumbuke wavuvi wa Ziwa Michigan. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Waliyajua maji kuliko sisi, na vyombo vyao vilikuwa bora. Walikosa jambo moja tu: kukubaliana mapema. Na kukubaliana, ndugu zetu, ndiyo kazi ambayo Chama hiki kimejifunza kwa miaka 10. Twaomba azimio lidumu, na Chama kitenge akiba ya kuzisaidia kaya zile katika miezi ya kufunga vihori, ili mzigo wa wote usibebwe na wachache.