Sataranji ya Mpingo: Kutoka Pembe za Zanji hadi Misitu ya Milola

Mwanahistoria al-Masudi wa Baghdad, ambaye safari yake ya mwisho katika bahari ya Zanji ilikuwa mwaka 916, aliporejea Oman akitokea kisiwa cha Kanbalu, ameeleza katika kitabu chake Muruj al-Dhahab kwamba pembe za ndovu za pwani ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, zilichukuliwa kwanza hadi Oman, na kutoka huko zikapelekwa Uhindi na Uchina. Na kwamba Wahindi, juu ya kuzitumia kwa vipini vya majambia na panga, walizitaka zaidi ya yote kwa kuchongea vitunda vya sataranji na vya mchezo wa nardi. Basi kabla Kilwa haijawa dola yenye kupiga sarafu zake, ndovu wa bara yetu walikuwa wamekwisha kuingia katika mabaraza ya wafalme wa mbali, wakiwa wamegeuzwa shaha, waziri na farasi, wala jina la aliyewawinda halikufuatana nao.

Mchezo wenyewe asili yake ni Uhindi. Ulipita Uajemi, ukapokewa na Waarabu, na katika karne ya 10 as-Suli akautungia vitabu chini ya makhalifa wa Baghdad. Mafundi wa Kiislamu, kwa kuepuka sura za viumbe, aghalabu walichonga maumbo matupu, ndovu akatambulikana kwa nundu mbili tu. Wazungu wa kaskazini wakazirudisha nyuso, kama zionekanavyo katika vitunda vya Lewis vilivyopatikana Uskoti mwaka 1831. Kisha mwaka 1849 kampuni ya Jaques ya London ikatoa namna iitwayo Staunton, ya mbao nyeusi na nyeupe zilizokerezwa, na hiyo ndiyo itumikayo katika mashindano hata leo.

Tijara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilifungwa mwaka 1989 na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kufungwa kwake ni haki. Kilichobaki mikononi mwetu ni mti. Mtu akiupa kisogo mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, akashika njia ya bara, akafika Milola, na toka hapo akaifuata misitu ya miyombo hata Kilwa na Liwale, yumo katika nchi ya mpingo: mti mfupi, wenye miiba, uliopindapinda, ambao huchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa, na ambao kiini chake, cheusi chenye kuelekea zambarau, ni kizito hata hudidimia majini. Ajnabi huutafuta kwa zumari na klarineti. Na maadamu ala hizo hazivumilii ufa wala tundu, sehemu kubwa ya kila gogo hukataliwa kiwandani. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Shaha wa mashindano urefu wake ni sentimita 9.5 na kitunda cha askari ni sentimita 5 hivi, nao wote wawili hutoka katika vipande ambavyo mtengeneza klarineti havitaki. Kwa hiyo sioni kazi iufaayo zaidi mti huu wenye kombo, wala sioni udhuru wa kuyaacha mabaki yake yaishie kuwa kuni.

Uchongaji wa mpingo si wa kale kama wengi wadhanivyo. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipopita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, barakoa za Wamakonde alizozipeleka Leipzig zilikuwa za miti laini. Mpingo ulitamalaki baadaye, hususan katika miaka ya 1950, Wamakonde waliohamia Dar es Salaam walipopata wanunuzi kama mfanyabiashara Mohamed Peera. Kutokana na ustadi huo zimezaliwa sataranji za sanamu, ambamo shaha ni mzee mwenye bakora na ngome ni nyumba ya msonge. Nazipenda, ila kwa sharti moja: mchezaji aweze kumtambua waziri na ndovu kwa kutupa jicho mara moja, maana sataranji isiyochezeka ni vinyago 32 vilivyopangwa juu ya meza.

Anunuaye na aanze kwa mkono kabla ya jicho. Akipime kitunda kwa uzito, kisha akigeuze, akikune chini kwa ukucha na kukipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwani wapo wauzao mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu, na rangi hiyo haifichi ila mpaka itote. Atazame nyufa karibu na kitako, dalili ya mti uliochongwa kabla haujakauka polepole kivulini. Mti wa namna hiyo ukifika nchi ya hewa kavu hupasuka. Upana wa kitako uwe kama nusu ya urefu wa kitunda au pungufu kidogo, ili kisianguke ovyo. Upande mweupe uwe mweupe wa mti wenyewe, si wa rangi ya kopo, na miraba ya ubao isiwe myeusi sawasawa na vitunda, visije vikapotea machoni. Mwisho amwangalie farasi. Vingine vyote kerezo huweza kuvitoa, bali farasi huchongwa kwa patasi na kusuguliwa kwa tupa na msasa, na katika shingo na pua zake thamani ya fundi hudhihirika yote.

Yako mambo mawili zaidi yasiyoonekana kwa macho. Tangu mwaka 2017 jenasi yote ya mpingo imo katika orodha ya CITES, hivyo apelekaye shehena nje ya nchi ni wajibu wake kuuliza hati. Na katika Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha misitu itunzwayo vema, cha kuvuna misitu yao, ili fedha ya gogo irudi kijijini. Basi, ewe msomaji, unaponunua, muulize fundi mti wake umetoka msitu wa nani; na ninyi mlio na madaraka katika mkoa wa Lindi, wawekeeni vijana wa Milola kerezo na mwalimu wa kukereza, ili mpingo wa kwao utoke kwao ukiwa tayari ni shaha na farasi, si gogo.