Pumzi, Nafsi na Tabibu wa Damascus

Ndugu msomaji, hebu izuie pumzi yako huku ukihesabu polepole mpaka sitini, nawe utajua ni nani bwana katika mwili wako. Chakula na maji twaweza kuviacha tangu alfajiri hata magharibi, nasi hufanya hivyo Ramadhani nzima. Ama hewa, zikipita dakika chache bila ya hiyo, mtu hayupo tena.

Waarabu wameliweka jambo hili ndani ya lugha yao. Pumzi kwao ni nafas, na nafsi ni nafs: herufi ni zile zile tatu. Roho ni ruh, na jirani yake ni rih, yaani upepo. Neno nafas lilipofika pwani yetu likawa nafasi, mahali au wakati wa kufanya jambo. Na kweli, mwenye dhiki hana pa kupumulia. Kiswahili nacho, katika shina lake chenyewe, kimelizaa neno kupumzika kutokana na kupumua. Katika Suratut-Takwir hata asubuhi imetajwa kuwa inapumua. Na Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kupumulia ndani ya chombo anachonywea.

Lakini pumzi ikishaingia kifuani huenda wapi? Hapa ndipo tunapokutana na mtu ambaye hata lakabu yake imetoka katika herufi hizo hizo: Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm Al-Qarashi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasomea utabibu Damascus katika hospitali ya Nuri, kisha akahamia Cairo. Alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani.

Zama hizo matabibu wote walimfuata Galen, Myunani wa karne ya 2. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, ikafika chumba cha kulia cha moyo, na sehemu yake hupenya ukuta wa katikati kwa vitundu visivyoonekana mpaka chumba cha kushoto, ambako hukutana na hewa itokayo mapafuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyapokea mafundisho hayo katika kitabu chake Al-Qanun. Nani basi angethubutu kuwapinga wawili hao?

Ibn al-Nafis alithubutu. Mwaka 1242, katika sherehe yake juu ya elimu ya viungo iliyomo ndani ya Al-Qanun, aliandika kuwa ukuta ule ni mnene na hauna tundu lolote, la kuonekana wala la kujificha. Basi damu haina njia ila kutoka chumba cha kulia, kupanda mapafuni, kuchanganyika huko na hewa, ndipo irudi chumba cha kushoto. La ajabu ni kuwa katika kitabu hicho hicho anasema sharia na huruma vilimzuia kupasua maiti. Wataalamu wanabishana mpaka leo alijuaje. Mimi naona ukuta usio na tundu ulimtosha mtu mwenye akili kama yake.

Tusimvike, hata hivyo, kilemba kisicho chake. Hakueleza mzunguko wa damu mwilini mzima. Huo aliueleza Mwingereza William Harvey mwaka 1628. Wala hakuona vimishipa vyembamba vya mapafu, ambavyo Malpighi wa Italia aliviona kwa hadubini mwaka 1661 katika chura. Naye bado aliamini, kama waliomtangulia, kuwa roho ya uhai hufanyika moyoni kwa damu na hewa.

Wasimulizi wa maisha yake wanasema kuwa alipougua maradhi ya mwisho matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa, kwani hakutaka kukutana na Mola wake na pombe tumboni. Alifariki Cairo mwaka 1288. Nyumba yake na vitabu vyake alivitoa wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun.

Maneno yake juu ya mapafu yakasahauliwa. Huko Ulaya Michael Servetus aliandika jambo hilo hilo mwaka 1553, akachomwa moto Geneva mwaka ule ule, si kwa ajili ya damu bali kwa itikadi yake ya dini. Wakamsifu yeye kuwa wa kwanza. Ndipo mwaka 1924 daktari kijana wa Misri, Muhyiddin at-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, akaisoma nakala ya mkono iliyokuwa Berlin. Walimu wake hawakuyaamini macho yao. Wakampelekea habari Max Meyerhof, tabibu Mjerumani aliyekaa Cairo na kukijua Kiarabu vizuri, ayapime maneno hayo. Akayapima, akayakuta sawa, akayatangaza. Tangu wino ulipokauka hadi siku ile Berlin ilikuwa imepita miaka 682.