Kikanyagio cha Gitaa cha Kujiundia

Kikanyagio ni kisanduku cha chuma akiwekacho mpiga gitaa miguuni. Akikibonyeza, sauti hubadilika. Maestro Fuzz-Tone, cha kukwaruza sauti, kilitoka Marekani mwaka 1962. London ikatoa Fuzz Face mwaka 1966, cha duara, na hicho ndicho wengi wanaojiundia nyumbani huanza nacho. Naona hawajakosea: ndani mna transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vifundo 2 vya kuzungusha, basi. Betri ni ya volti 9.

Ila transista zake za zamani, za jemaniamu, haziwezi joto. Chuma cha kulehemu kikikawia kwenye mguu wake, imekufa, na kupata nyingine ni kazi na gharama. Ndiyo maana mafundi huubana mguu huo kwa koleo, joto liishie hapo. Hata jua la mchana huigeuza sauti yake. Kwetu Mombasa zingelalamika mwaka mzima.

Kupamba nako kuna utaratibu. Kisanduku hutobolewa kwa keekee kwanza, kikapigwa msasa, ndipo rangi. Anayepaka kabla ya kutoboa, rangi humbanduka kila tundu. Juu ya mchoro hupakwa vanishi, ikaachwa ikauke barabara, la sivyo maua yote huondoka na soli ya kiatu.