Vim: Namna ya kubadili njia za mkato za kibodi

Vim ni programu ya kuhariri maandishi ambayo huendeshwa kwa vitufe vya kibodi, bila mtumiaji kulazimika kushika kipanya. Hutumiwa zaidi na waandishi wa programu za kompyuta na wasimamizi wa mitambo ya intaneti, na hupatikana bila malipo kwa kompyuta za Linux, Mac na Windows.

Karibu kila kitufe ndani yake kina kazi iliyokwisha pangwa. Hata hivyo mpangilio huo si sheria. Mtumiaji anaweza kuubadili ufuate mikono yake, lugha anayoandika na kibodi aliyo nayo, ilimradi ajue kitufe anachokibadili kilikuwa na kazi gani.

Urithi wa mwaka 1976

Vim ilitokana na programu ya zamani iitwayo vi, iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Joy alitumia terminali ya ADM-3A, ambayo haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Kitufe cha Escape kilikuwa kando ya herufi Q, mahali ambapo kibodi za leo zina kitufe cha Tab.

Terminali hizo zimetoweka, lakini mpangilio wake umebaki. Hadi leo, katika Vim, herufi h husogeza kishale kushoto, j chini, k juu na l kulia. Escape nayo imehamia kwenye pembe ya juu ya kibodi, na mtumiaji huibonyeza kila amalizapo kuandika. Kwa mtu anayefanya kazi hiyo kutwa, miaka nenda miaka rudi, kunyoosha mkono namna hiyo kunaweza kuchangia maumivu ya vidole na kifundo cha mkono.

Vim na watoto wa Kibaale

Vim yenyewe ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo ulioko kusini mwa Uganda, si mbali na Tanzania. Mji huo ni tofauti na wilaya ya Kibaale iliyoko magharibi mwa nchi hiyo. Eneo hilo lilikuwa limeathiriwa vibaya na ukimwi.

Badala ya kuuza programu yake, Moolenaar aliwaomba watumiaji wawachangie watoto hao. Kwa miaka mingi, kila aliyefungua Vim bila kutaja faili alikuta ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki dunia mwezi Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 62. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Hali mbili za kitufe kimoja

Kabla ya kubadili lolote, ni muhimu kuelewa kwamba kitufe kimoja katika Vim kina kazi zaidi ya moja. Katika hali ya kawaida, herufi ni amri: x hufuta herufi moja, na u hutengua kilichofanyika mwisho. Katika hali ya kuandika, herufi zilezile ni maandishi tu. Mtumiaji huingia hali ya kuandika kwa kubonyeza i, na hutoka kwa Escape.

Kwa sababu hiyo, amri ya kubadili kitufe hutaja hali inayohusika. Amri ya nnoremap huhusu hali ya kawaida, na inoremap huhusu hali ya kuandika. Zipo pia amri fupi za nmap na imap, lakini hizo hufuata mabadiliko mengine yaliyokwisha fanywa, na zinaweza kuzunguka bila kikomo. Anayeanza atakuwa salama zaidi akitumia zile mbili za kwanza.

Mfano wa kwanza: kuhifadhi kazi

Mabadiliko ya kudumu huandikwa katika faili la mipangilio, ambalo huitwa .vimrc katika Linux na Mac, na kwa kawaida _vimrc katika Windows. Mstari ufuatao hukifanya kitufe cha F2 kihifadhi kazi:

nnoremap <F2> :w<CR>

Sehemu ya kwanza ni amri, ya pili ni kitufe, na ya tatu ni kile kitakachotendeka. Alama ya <CR> husimama badala ya kubonyeza Enter. Maelezo ya pembeni yasiandikwe kwenye mstari huohuo, kwani Vim itayachukua kuwa sehemu ya amri.

Mfano wa pili: kuipumzisha Escape

Watumiaji wengi huchagua herufi mbili zilizo chini ya vidole zishike nafasi ya Escape:

inoremap jk <Esc>

Sharti ni kwamba herufi hizo zisifuatane katika maneno ya kawaida. Hapa Kiswahili kina nafuu. Herufi j hufuatwa na irabu, au na w kama katika neno kukunjwa, lakini haifuatwi na k. Ni kweli kwamba rais wa zamani wa Tanzania, Jakaya Kikwete, hujulikana kwa kifupi kama JK, lakini Vim hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo kifupi hicho kitaandikika bila tatizo.

Baada ya j kubonyezwa, Vim husubiri sekunde moja ili ione kama k itafuata. Muda huo unaweza kupunguzwa hadi nusu sekunde kwa mstari huu:

set timeoutlen=500

Vifupisho

Aidha, Vim inaweza kurefusha kifupisho mara tu mtumiaji anapobonyeza kitufe cha nafasi. Kwa anayeandika barua za ofisini, mistari miwili ifuatayo huokoa muda mwingi:

iabbrev kny kwa niaba ya
iabbrev jmt Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Mitego ya kuepukwa

Vitufe vingine havifai kubadilishwa. Vim inapotumiwa katika dirisha la amri, Ctrl na I kwa kawaida havitofautiani na Tab, Ctrl na M havitofautiani na Enter, wala Ctrl na [ na Escape. Anayebadili kimoja hubadili na kingine. Katika madirisha mengi ya aina hiyo, Ctrl na S husimamisha skrini, na asiyejua huenda akadhani kompyuta imekwama, akaizima na kupoteza kazi yake. Ctrl na Q huifungua tena.

Mtego mwingine humpata anayeunda faili la .vimrc kwa mara ya kwanza. Tangu toleo la 8.0, Vim huacha kusoma mipangilio yake ya kuanzia pindi inapolikuta faili hilo, na huenda rangi za maandishi zikatoweka. Dawa yake ni kuanza faili kwa mstari huu:

source $VIMRUNTIME/defaults.vim

Kukagua na kurudi nyuma

Amri ya :help index huorodhesha kazi za awali za vitufe. Amri ya :verbose map <F2> huonyesha kitufe cha F2 kimepewa kazi gani na katika faili lipi, na :nunmap <F2> hukirejesha kama kilivyokuwa. Mambo yakiharibika kabisa, vim --clean hufungua programu bila kusoma mipangilio ya mtumiaji.

Mabadiliko hubaki kwenye kompyuta yalikofanyiwa. Anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine hana budi kubeba nakala ya faili lake, na asiyeweza kulibeba atahitaji bado kuzikumbuka amri za asili. Ndiyo maana ni vyema kubadili kitufe kimoja kwa wakati, na kukizoea kwa siku kadhaa kabla ya kugusa kingine.