Jicho la Mwanafunzi na Sauti ya Sheikh

Tumezoea kuwaambia watoto wa madrasa: "Nitazameni ninaposomesha." Je, agizo hili lina asili katika historia ya elimu yetu, au ni mazoea tu? Ndugu msomaji, turejee Basra, Iraq.

Qatada bin Di'ama (aliyefariki mwaka 117 H/735 M) alizaliwa kipofu, na juu ya hivyo alikuwa miongoni mwa mahodari wa kuhifadhi katika zama za Tabiina. Hakupata kumuona sheikh wake hata mmoja. Elimu yake yote aliipokea kwa sikio. Basi jicho si sharti la hifadhi.

Lakini mwanafunzi wake, Shu'ba bin al-Hajjaj (aliyefariki mwaka 160 H/776 M), alikuwa na macho na aliyatumia. Imepokewa kuwa darasani alikuwa akiuchunga mdomo wa Qatada. Kwa nini? Kwa sababu Qatada alijulikana kwa tadlis, yaani mara nyingine husimulia kwa tamko lisilobainisha kama amesikia mwenyewe. Akisema "nimesikia" au "ametuhadithia", Shu'ba huhifadhi. Akisema "fulani amesimulia", huacha. Jicho liliulinda moyo usihifadhi kisichothibiti.

Shu'ba alikwenda mbali zaidi, akaona kuwa asiyeuona uso wa msimulizi asipokee kwake, huenda ni shetani aliyejigeuza. Wanazuoni walio wengi hawakumkubalia. Ibn al-Salah wa Damascus (aliyefariki mwaka 643 H/1245 M) ameeleza kuwa kupokea nyuma ya pazia kunasihi, maadamu sauti inajulikana au mwaminifu amethibitisha nani anasema. Hoja yao ni kuwa Bi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake) alisomesha nyuma ya pazia, na kwamba Mtume (Rehma na amani zimshukie) aliwaamuru watu wategemee adhana ya Ibn Umm Maktum, nao wakiisikia sauti tu.

Leo darsa na fatwa zinatufikia kwa simu, na sura na sauti zote mbili zaweza kughushiwa. Kuona peke yake hakutoshi, wala kusikia. Rai yetu ni kuwa tuwafunze watoto kumtazama mwalimu kama Shu'ba alivyomtazama Qatada: si kwa adabu tu, bali ili wajue wanahifadhi nini, na kutoka kwa nani.

Wallahu a'lam.