Mzambarau haukungoja kampeni

Ni matunda machache yaliyobahatika kuipa lugha yetu jina la rangi. Chungwa ni mojawapo, zambarau ni jingine. Jambo hilo dogo ni ushahidi wa historia, kwa maana watu hawaiti rangi kwa jina la kitu wasichokizoea. Mpaka mtu aseme kitenge cha zambarau na mwenzake aelewe bila kuuliza, lazima tunda lenyewe liwe limeshapaka ndimi za watoto wengi. Ushahidi wa pili uko kwenye majina ya mahali. Wete, Pemba, kuna Mzambarauni Takao. Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, kuna Mzambarauni nyingine. Jina la namna hiyo huzaliwa pale mti unapokuwa mkubwa, wa kijani mwaka mzima, na watu wakazoea kuelekezana na kukutana chini yake. Hoja yangu ni kwamba kivuli na tunda kwa pamoja ndivyo vilivyoulinda mti huu kwa vizazi, na ndivyo vinavyofaa kutuongoza tunapochagua miti ya kupanda Vudee na kwingineko katika milima ya Upare.

Mzambarau tunaouona mitaani asili yake ni Bara Hindi na nchi za kusini mashariki mwa Asia. Jina lake la kale huko, jambu, lilitumika hata kuitaja dunia: maandiko ya Kisanskriti yaliita nchi wanayokaa wanadamu Jambudvipa, kisiwa cha mti wa jambu. Wamarathi wa magharibi mwa India huliita tunda jambhul, na sikio halihitaji kusaidiwa kusikia ukaribu wake na zambarau. Njia ya majahazi ya kaskazi ilikuwa wazi kwa kokwa kama ilivyokuwa wazi kwa nguo na mchele. Ndugu wa damu wa mzambarau ni mkarafuu, kwani wataalamu wa mimea wanaiweka yote miwili katika jenasi moja, Syzygium. Lakini ndugu hawa walilelewa tofauti. Mkarafuu ulienea Unguja na Pemba katika karne ya 19 kwa msukumo wa Seyyid Said, kwa jasho la watumwa, na kwa ajili ya soko la ng'ambo. Mzambarau haukupata sultani wa kuusukuma. Ulienea kwa mikono ya watoto, kwa midomo ya ndege na popo, na kwa uamuzi wa mwenye nyumba aliyeona mche umejiotea uani akauacha.

Miembe inasimulia habari hiyohiyo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipandwa miembe, na biashara ya pembe na watumwa ilipokufa, miembe ilibaki. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuikata, maana chini yake palikuwa na kivuli na juu yake palikuwa na chakula. New Delhi nayo, mji uliojengwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ilipangiwa mizambarau kandokando ya barabara zake kuu, na wakazi wakageuza pambo la watawala kuwa mavuno: kila msimu watu huokota na kuuza zambarau palepale. Mpangaji wa mji alitaka urembo. Wananchi wakaupa mti kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyowapa sababu ya kuutetea.

Sasa tuje Vudee. Kata hii ya Wilaya ya Same iko juu, na maji ya bonde lake hushuka Bangalala na kuelekea Makanya, ambako mvua ni haba. Huko chini wakulima hukusanya maji usiku kwenye ndiva na kuyafungulia mashamba mchana, kwa zamu. Kwa hiyo mti unaopandwa Vudee una wajukuu Bangalala. Wapare walilijua hilo kabla ya ofisi yoyote ya misitu kuwapo: mpungi, mahali pa ibada ya ukoo, na mshitu, msitu wa jando, havikukatwa kwa sababu watu wenyewe walikuwa na haja navyo. Kampeni zetu za leo huhesabu miche. Kila halmashauri nchini iliwekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na hesabu hufungwa siku ya kupanda. Sipingi lengo hilo, ila idadi haimwagilii mche mwezi wa Agosti. Anayemwagilia ni yule anayetarajia kupata kitu.

Wako watakaosema kwamba mti wa kigeni ni hatari, na wana haki ya kusema. Mhesi uliingizwa Amani, Usambara Mashariki, wakati wa Wajerumani, na miongo kadhaa baadaye ulikuwa umevamia msitu wa asili, ukisambazwa na ndege wala matunda. Mzambarau wa Asia nao umekuwa kero Florida na Hawaii. Jibu langu ni kwamba Upare haulazimiki kuupanda huo karibu na msitu wa Chome. Afrika ina mizambarau yake. Syzygium guineense, unaoota katika misitu ya milima hii na kando ya vijito, ni mti wa asili, una kivuli kizito, matunda yake huliwa, na unahesabiwa miongoni mwa miti rafiki wa chemchemi. Wa Asia ubaki chini kwenye joto, kwenye viwanja vya shule na masoko ya tambarare, ambako pia huzaa vizuri zaidi. Wa kwetu upande mlima.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Mgrivea hutoa mbao na kuni katika miaka michache, na mkaratusi hutoa nguzo, wakati zambarau huoza siku moja au mbili baada ya kuchumwa na mti wa mbegu hukaa miaka minane au zaidi kabla ya kuzaa. Ni kweli, na mwenye shamba dogo asilaumiwe kwa kupanda mgrivea mpakani. Lakini mkaratusi, ingawa ni wa ukoo mmoja na mzambarau, hunywa maji mengi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mahali hapo, pamoja na viwanja vya shule, zahanati, kanisa na msikiti, hapamhitaji mwuza nguzo. Na tunda lisilofika sokoni halijapotea: linaliwa na mtoto aliyelichuma, na sidhani kama kuna namna rahisi zaidi ya kumpa mwanafunzi tunda bila kamati wala mchango.

Masharti yapo. Usiuweke mlangoni, maana tunda hutia doa lisilotoka na matawi yake huvunjika kirahisi. Hatua kumi na tano kutoka ukutani zinatosha. Upogolewe, na watoto wakatazwe kukwea mpaka matawi membamba. Walimu na viongozi wa vitongoji vya Vudee wanaopanga vitalu vyao wakumbuke jambo moja zaidi: kokwa ya zambarau haikubali kuhifadhiwa kwenye debe hadi msimu ujao. Ipandwe mbichi, ndani ya wiki mbili tangu tunda kuliwa.