Pesa ya Barghash Katika Shamba la Kimali

Katika saraka ya meza hii ninayoandikia imo pesa moja ya shaba, upana wake kiasi cha milimita 25, imelika ukingoni. Upande mmoja ina jina la Sultani Barghash kwa hati ya Kiarabu. Upande wa pili ina mizani, na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 wa Miladi. Kwetu Unguja pesa kama hizi si adimu. Wazee walikuwa nazo makopo kwa makopo, na wengine walizitia tundu wakawavisha watoto. Lakini hii yangu haikutoka Unguja. Ilitoka katika shamba la pamba la Kimali, mkoani Simiyu, yapata kilomita 600 kutoka pwani, na namna nilivyoipata ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Mwaka 2014, mkoa wa Simiyu ukiwa na umri wa miaka miwili tu tangu umegwe kutoka Shinyanga, nilikwenda huko kumtembelea shemeji yangu aliyekuwa akisomesha. Habari ya kuwa amekuja mgeni wa pwani asomaye Kiarabu ilitangulia mbele yangu, na siku ya pili alasiri akaja kijana mmoja na kopo la maziwa ya unga mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

"Nimeambiwa unasoma haya maandishi. Hii ni ya Mjerumani?"

Nikaipokea, nikaifuta kwa kidole, nikaona mizani. "Si ya Mjerumani, mwanangu. Hii ni ya kwetu, Unguja."

Uso ulimshuka. Kijana yule alikuwa na mashine ya kunusia metali, wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa huiita detekta, aliyoinunua kwa ajili ya dhahabu. Dhahabu asiipate, ila mashine ikawa inampigia kelele kila hatua mbili. Ndani ya kopo mlikuwa na misumari, vifuniko vya soda, ganda la risasi, senti kumi yenye tundu ya enzi ya Mwingereza, na kipande cha waya wa shaba uliosokotwa mviringo kwa ufundi wa ajabu. Nikampa shilingi elfu chache kwa ile pesa. Sikumuuliza ni shamba la nani, wala kama ule waya ulikuwa karibu yake ama mbali. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, na furaha ile ikanipofusha.

Miaka ikapita. Siku moja nikamwonesha rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi ya kuchimbua magofu. Akaigeuza mara mbili, akauliza: "Imetoka wapi?" Nikasema Kimali. "Kimali wapi?" Nikanyamaza. Kwa upole akairudisha kiganjani mwangu, akaniambia kuwa pesa za Barghash anazo nyingi za kutazama. Alichokosa ni moja yenye kujulikana ilikolala.

Kauli ile ilinituma kusoma. Mimi sikupita chuo. Nilichokijua nimekiokota vitabuni usiku, na sarafu nilikuwa nazipenda kwa sababu za kishairi. Sarafu za kale za Kilwa, msomaji, zina vina. Jina la sultani liko upande mmoja, na upande wa pili yako maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyochaguliwa yakubaliane kwa sauti na jina lile, hata sarafu nzima ikawa ubeti mfupi wa kushikwa kwa vidole viwili. Sijui dola nyingine iliyowalipa watu wake kwa mashairi. Haya niliyafurahia miaka mingi bila ya kujiuliza wataalamu wamejuaje masultani wale walitawala lini, kwani sarafu zenyewe hazina tarehe.

Jawabu liko Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, iliibuliwa akiba ya sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa kwetu, akiwemo Ali bin al-Hasan; za dhahabu zilitoka nchi za mbali na zilikuwa na miaka, ya karibuni kabisa ikiwa 1066 ya Miladi. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, na kwa kuwa kukutwa kwao pamoja kuliandikwa, Ali bin al-Hasan alirudishwa kwenye karne ya 11. Lau mtu angeziuza dinari mjini siku ile na kuwaachia watoto zile za fedha, kila moja ingebaki nzuri vile vile, na historia yetu ingebaki na giza lile lile.

Mfano wa kinyume chake uko Australia. Mwaka 1944 askari mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani kisiwani Marchinbar, katika visiwa vya Wessel. Baadaye ikabainika kuwa tano ni za Kilwa. Alizitia katika mkebe, na habari zake hazikuwafikia wanamakumbusho mpaka mwaka 1979. Mahali alipooneshea katika ramani alipakumbuka kwa moyo tu. Msafara wa wataalamu ulikwenda mwaka 2013 kupatafuta, wasipate sarafu nyingine hata moja. Hata leo watu wanabishana: zilifikaje? Kwa mikono ya Wareno? Wavuvi wa Makassar? Kwa ajali ya chombo? Sarafu zipo, na hazisemi.

Waingereza, ambao kwao kutembea mashambani na detekta siku ya Jumapili ni starehe kama sisi kucheza bao, walilitafakari jambo hili mapema. Mwaka 1997 walianzisha mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia wa England na Wales. Kila eneo lina ofisa ambaye mwokotaji humwendea. Ofisa hupiga picha, hupima uzito na upana, huandika mahali, kisha taarifa huingizwa katika hifadhi moja ambayo mtu yeyote huisoma kwa intaneti. Kitu chenyewe mara nyingi humrudia aliyekiokota. Wanachokihifadhi ni habari, na sasa wana habari za vitu zaidi ya milioni 1.5. Ramani inayooneshwa hadharani huachwa ya makadirio, ili mwizi asije usiku na mashine yake. Nilipoufahamu utaratibu huo niliona busara yake hasa ni katika ardhi ya kulimwa. Shamba lililopitiwa na plau miaka mingi limekwisha vurugika kutoka juu kwenda chini. Tabaka hazipo tena. Kitu kilichomo katika udongo ule kimebakiwa na ushahidi mmoja, nao ni mahali kilipo usoni mwa shamba. Ukikinyanyua bila ya kupaandika, umekinyang'anya na huo mmoja.

Kwetu utaratibu wa namna hiyo haujawekwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979, nayo inakataza kuchimbua bila ya kibali, ni sawa. Lakini vitu inavyovilinda kwa asili ni vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, ila Waziri atangaze vinginevyo. Pesa ya Barghash ilizaliwa miaka 19 baada ya mstari huo. Machoni mwa sheria, basi, ile iliyomo sarakani mwangu si kitu, na hapana ofisa ambaye ningelazimika kumpelekea. Kijana yule naye asingelithubutu kwenda ofisini kwa hiari yake: mwenye mashine akiingia mlangoni atadhaniwa mwizi, na akitoka watu watadhani amepata mali.

Hofu ya wataalamu naielewa. Wapo watu nchini waliopinduapindua makaburi na kuta za maboma wakisaka "mali ya Mjerumani". Uvumi huo una punje ya ukweli: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, zaidi kidogo ya 16,000. Kutoka punje hiyo watu wameotesha msitu. Wasiwasi ni kuwa ukimpa msakaji daftari la kuandikisha, umempa na ruhusa ya kuchimba. Mimi naona mashine zimekwisha ingia. Hakuna aliyeomba ruhusa yetu. Kijana wa Kimali alikwisha chimba kabla mimi sijafika, na kilichokosekana pale kilikuwa karatasi na kalamu, na mtu wa kuuliza.

Na nchi ile ina mengi ya kuulizwa. Kabla ya pamba kulikuwa na chuma. Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma upande wa Geita, walifua majembe yaliyotembea nchi nzima ya Usukuma na Unyamwezi, yakalipiwa mahari na yakawa fedha kabla ya fedha. Wasukuma nao walifunga safari za kufuata chumvi ziwa Eyasi. Mavi ya chuma, majembe yaliyochakaa, vikuku, pesa za pwani: kila kimoja kikitiwa alama katika ramani, huenda njia zile zikajichora zenyewe, nasi tukajua pesa ya Unguja iliingia Kimali kwa mlango gani. Ilikwenda na msafara wa pembe? Ilibadilishwa kwa ng'ombe? Au ilishonwa katika ushanga wa bibi harusi ambaye hakuijali mizani wala mwaka?

Hapa niruhusiwe kuchomeka neno la mfasiri. Hifadhi ya namna hiyo haisomeki bila ya majina yaliyokubaliwa, na majina tunayo. Waya mwembamba wa shaba wa mapambo huitwa udodi. Kamusi za zamani zina na neno nyerere kwa maana iyo hiyo, lisilohusiana na jina la Mwalimu, ambalo ni la Kizanaki. Masango ni waya mnene zaidi, na Usukumani wana majina yao ambayo wazee wa makumbusho ya Bujora wangeweza kutufundisha. Tukiingiza vitu hivyo vyote kwa jina moja la "waya", tutakuwa tumevipoteza mara ya pili.

Mwaka jana nilimpigia shemeji simu, nikamwomba anitafutie yule kijana. Akaniambia aliondoka Kimali zamani, inasemekana yuko machimboni Geita, au ametoka huko pia. Kopo? Hakuna alijuaye. Nikachukua karatasi nikajaribu kuandika kama wanavyoandika wenzetu. Kitu: pesa ya shaba. Mtawala: Barghash. Mwaka: 1299. Hali: imelika ukingoni. Aliyeiokota: kijana mwenye detekta, jina sikuuliza. Iliyookotwa nayo: huenda udodi. Kina: hakijulikani. Mahali: Kimali, shambani. Karatasi hiyo nimeikunja, imo sarakani pamoja na pesa.